Siku Nilipokata Kitabu cha Daktari Kikawa Suruali

Atiriri, vijana, kaeni hapo mnisikize kidogo. Kuna watu wanapenda wachezaji wa mpira. Wengine wanapenda waimbaji mpaka wanajichora jina lao kwa mkono. Mimi, mshonaji wa Ruiru, darasa la tatu na sikumaliza, napenda watu wa kalamu. Si wote. Wale wa kuandika kumsifu mkubwa hapana, hao hata suruali zao nilikuwa nazishona haraka haraka zitoke dukani. Napenda wale wanaandika kitu mpaka mkubwa anakosa usingizi. Hata leo, ukiniambia kuna mmoja kama huyo anaongea pale Kimbo, nitavaa viatu vya kushoto kulia nitoke mbio, na goti hili langu.

Na msifikiri niliwajua kwa kuwasoma. Niliwajua kwa kuwapima.

Ukipima watu miaka mingi kama mimi, unajua mtu kabla aongee. Mtu wa vitabu bega moja liko chini, kwa sababu ya ule mfuko anabeba upande mmoja tangu shule. Ukimpima bega moja tu ukadhani la pili ni sawa, koti litakaa kama limetundikwa kwa mti. Mimi niliharibu koti mbili za walimu wa chuo kabla nijue hiyo. Mzee Rajabu, aliyenifundisha kazi kule Thika, kwa veranda ya duka la nguo, aliniangalia tu nikilia juu ya koti ya pili, akasema, "Mwanangu, Mungu hakumuumba mtu kwa rula. Pima pande zote mbili." Basi. Hakunigombeza tena. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkasi mkali, na mkasi huo ole wako ukikatia karatasi. Mkasi wa karatasi kando, wa kitambaa kando. Mnacheka, lakini jaribuni kukata sufu na mkasi uliokata karatasi, mtaniambia.

Karatasi ndiyo hadithi yenyewe, wacha nirudi.

Mshonaji wa sare za shule anahitaji pateni. Hiyo ni karatasi umeikata umbo la mguu wa suruali, au mkono wa shati, au kola, unaiweka juu ya kitambaa, unaizungusha chaki, unakata. Gazeti ni laini, linararuka wiki moja. Mfuko wa simiti ni mzuri lakini ukibaki na vumbi kidogo kitambaa cheupe kimekwisha. Karatasi nzuri kuliko zote ilikuwa ile nzito ya kupigia taipu. Moja haitoshi mguu wa suruali, kwa hivyo unachemsha unga wa ngano kama uji mzito, unabandika karatasi nne, tano, sita, mpaka inakuwa shuka. Ile pande iko na maandishi unaiweka chini, ile safi unaiweka juu, unachora. Tena mafundi wa siku hizo tulikuwa tunaazimana pateni. Mwenzangu akipata mkato mzuri wa sketi, mimi nachukua, yeye anachukua wangu wa kaptula. Hakuna mtu alikuwa anauliza karatasi imetoka wapi.

Yangu ilikuwa inatoka kwa Daktari.

Jina lake sitalitaja, mwenyewe hapendi. Tulimwita Daktari na hakuwa anaweza kutibu hata kikohozi. Alikuwa mwalimu wa chuo, akaandika mambo, akafukuzwa, akabaki kwa chumba kimoja cha kukodi kule Kahawa Wendani na mashini yake ya taipu. Alikuwa na koti moja na suruali mbili. Suruali moja ikiwa inafuliwa na nyingine imepasuka, anakuja kwangu, namfunga leso kiunoni, anakaa kwa stuli kama mama ya bibi harusi, ananingoja nitie kiraka. Na hapo, kwa leso, na miguu myembamba nje, ndipo nilisikia maneno makubwa kuliko yote nimewahi kusikia maishani.

Alikuwa ananisomea! Mimi! Anatoa karatasi kwa mfuko, anasoma mambo ya mashamba ya kahawa, ya watu wameyachuma miaka na miaka, na vile mashamba hayo yalikuwa yanagawanywa kwa mezani na watu hawajawahi kushika hata tawi moja la kahawa. Kisha anasimama katikati.

"Mama Njeri, hapo umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Wapi umepotelea?"

"Hapo kwa mfumo wa nini sijui."

Anatoa kalamu, anakata! Mstari mzima! Vijana, mjue mimi nilikuwa naogopa hata karani wa posta. Na huyu mtu anaogopwa na serikali nzima anakata maneno yake kwa sababu fundi amesema hajaelewa. Nilikuwa napiga cherehani kwa nguvu mpaka sindano inavunjika, na roho inaniruka hivi. Siku moja nikamuuliza, "Daktari, huogopi?" Akasema, "Naogopa sana. Wewe shona, unanipa moyo ukishona." Na zile karatasi alizokata akaharibu, ananiachia. "Tengeneza kaptula, Mama Njeri." Kila wiki ananiletea kifungu.

Sasa mmeanza kuona mahali nilikosea.

Ilikuwa Desemba, karibu Krismasi. Nilikuwa nampima bibi harusi mmoja mnene, mzuri, mcheshi hataki kusimama, na nilikuwa na pini mdomoni, kama tisa hivi. Daktari akaingia bila hodi, jasho mpaka shingoni. Akaweka kifungu chini ya meza ya kukatia. Akasema, "Mama Njeri, niwekee hizi." Nikatingisha kichwa. Ningeuliza nini na pini tisa? Akatoka. Bibi harusi akaniuliza, "Huyo ni nani amekimbia hivyo?" Nikatema pini kwa mkono nikasema, "Ni mtu wangu wa karatasi."

Siku mbili baadaye tukasikia amechukuliwa. Nililia. Nilienda kanisani nikamuombea, mpaka mama wa kiti cha nyuma akanifinya nipunguze sauti. Lakini kuhusu kile kifungu, aki sikuwaza hata kidogo. Kwangu ilikuwa karatasi ya kila wiki.

Kisha sare zikaja. Wazazi wa Ruiru mnawajua, shule inafunguliwa Jumatatu, wanaleta kitambaa Ijumaa. Nikachemsha uji wangu wa ngano. Nikafungua kifungu cha Daktari, nikashangaa, leo ni nyingi na hazijakatwakatwa na kalamu, ni safi kabisa. Nikasema Mungu ambariki popote yuko. Nikabandika, nikakata. Suruali ya darasa la nne, ya la sita, kaptula, mikono ya shati, kola. Nilikata pateni nzuri mwaka huo kuliko mwaka wowote. Nyokabi, fundi mwenzangu wa Juja, akazipenda, akaazima za kaptula. Nikamtumia Mzee Rajabu kule Thika zile za kola kama zawadi, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kukataa kuchora. Vipande vidogo vilivyobaki nikawashia jiko.

Wakaja watatu, mchana kweupe. Walikuwa na nguo za kawaida lakini viatu ni vya kazi, na fundi anaangalia mtu kuanzia chini. Mkubwa wao akasema, "Mama, yule Daktari wa Wendani huja hapa?"

"Huja kushonewa."

"Alikuachia karatasi za kupigwa taipu. Nyingi. Kitabu kizima. Ziko wapi?"

Vijana, ni hapo ndipo nilielewa. Hapo, sio kabla. Kwa sababu nyuma ya kichwa chake, kwa ukuta, kwa msumari, kitabu kilikuwa kinaning'inia. Miguu ya suruali, mikono, yote imefungwa na waya, pande safi ikiangalia nje. Na mlango walikuwa wameuacha wazi, upepo unaingia, na mguu wa darasa la nne umeanza kugeuka polepole. Nikaona kona ya maandishi.

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasema, "Tafuteni tu, mimi nina watoto wa watu wanafungua shule Jumatatu." Nikapita katikati yao, nikatoa mguu wa darasa la nne kwa msumari, nikaulaza kwa kitambaa, maandishi chini, nikaanza kuzungusha chaki. Wakapindua kila kitu. Wakapindua sanduku la vifungo! Mmoja kijana akashika mkono wa shati kwa msumari, akauangalia pande ile safi, akasoma niliyoandika mwenyewe na penseli, "Mkono mrefu, miaka kumi." Akauliza, "Hii ni nini?"

"Si umesoma. Ni mkono. Na wewe kifungo chako cha pili kinakaribia kuanguka, leta hapa."

Akaja! Nikamshonea kifungo amesimama, nina uzi mdomoni, mkubwa wake anamwangalia vibaya. Wakaenda. Nilipofunga mlango nikakaa chini kwa sakafu, kwa vifungo vyote vile vimemwagika, na nikacheka na kulia pamoja. Nilikuwa nimeokoa kitabu. Na nilikuwa nimekiua mimi mwenyewe.

Alipoachiliwa ilikuwa imepita miezi mingi, mahindi yameshavunwa. Akaingia, koti linamzunguka kama la baba yake. Hata salamu hakumaliza.

"Mama Njeri. Zile karatasi."

"Daktari, kaa chini kwanza."

"Walizipata?"

"Hawakuzipata."

Akafunga macho, akapumua hivi, haaa. "Chumbani walichukua zote, hata mashini. Hiyo yako ndiyo imebaki peke yake. Ni moja tu duniani."

Sasa mwambie mtu kama huyo. Nikawa nashika tepu yangu naipinda. Nikasema, "Daktari, ile nyingine yote ulikuwa unaniletea ya kukata." Akaniangalia. Nikaonyesha msumari na kidole. Akainuka, akageuza mguu wa suruali, akasoma. Akageuza mwingine. Kisha akasema, "Ukurasa wa nne uko gotini na wa thelathini na moja uko matakoni." Na akacheka, uui, alicheka mpaka akashika ukuta! Mimi sikucheka.

"Zingine ziko wapi?" akauliza.

Ndio tukafunga duka, tukaenda kukusanya.

Nyokabi wa Juja alikataa katakata. "Ati kitabu? Mimi naona kaptula. Ukichukua hii nitakata na nini?" Daktari akamwomba kwa heshima zote. Nyokabi akasema sawa, achore nyingine yake mwenyewe kwa mfuko wa simiti, ndio aondoke na hizi. Vijana, mngemwona! Mtu wa vyuo vitatu vya ng'ambo, amepiga magoti kwa sakafu na chaki, Nyokabi amesimama juu yake kama nyapara. "Umesahau akiba ya mshono! Mtoto ataingia aje hapo? Rudia!" Akarudia mara tatu. Ya tatu Nyokabi akasema, "Hata ungefanya kazi hii ungekula, wachana na siasa." Akampa pateni zote, na mayai sita.

Thika ilikuwa ngumu zaidi. Mzee Rajabu alikuwa amezipenda zile kola mpaka akazibandika kwa kadibodi, maandishi ndani, zikae milele. Nilipomweleza alivua miwani. "Wewe mwanangu, nilikufundisha kutenganisha mikasi. Sikujua nikufundishe kutenganisha na vitabu." Aliona haya kwa niaba yangu. Akaweka sufuria ya maji kwa jiko, tukashika kola moja moja juu ya mvuke, polepole, uji wa ngano unalegea, karatasi inaachilia. Ukiharakisha inararuka. Tulifanya hivyo tangu baada ya sala ya mchana mpaka ya alasiri, watu watatu tumeinamia sufuria, na kila kola ikitoka Daktari anasoma kwa sauti kile kiko ndani. Mzee Rajabu akawa anasema, "Hebu ngoja. Soma tena hapo." Alikuwa mtu wa kimya, nimewaambia, lakini siku hiyo alisema, "Kumbe nilikuwa nimelala na moto ndani ya kola." Halafu akageuka akaninong'oneza, "Huyu bwana bega lake la kushoto liko chini, umeliona?"

Tukarudi Ruiru, tukalowesha, tukatenganisha, tukapanga kwa meza ya kukatia. Karibu yote ilirudi! Maneno mawili hapa, mstari pale ulikatwa na kona, Daktari alikuwa anajua akajaza. Isipokuwa mahali pamoja. Mnajua suruali pale katikati ya miguu inakatwa kwa mzunguko. Mzunguko huo nilikuwa nimeupitisha juu ya kurasa tatu za mwisho, na kile kipande kilichotoka ndicho niliwashia jiko. Kurasa zilikuwa na shimo kama mwezi mchanga.

Daktari akaangalia shimo. "Hapa nilikuwa nimeandika juu ya watu wa kambi za kahawa wakifa. Siku ile niliiandika na homa, siikumbuki." Akanigeukia. "Nilikusomea, Mama Njeri. Nilikuwa nimesema nini?"

Sasa vijana, mimi nilikuwa nakumbuka. Alikuwa ameandika vizuri, maneno makubwa, mtu amezaliwa kambini, amechuma, amekufa, na hana hata futi sita za kaburi. Siku ananisomea aliniuliza, "Nimesema kweli? Si wewe ulizaliwa kambini?" Nikasema ndio, ni kweli. Akauliza, "Mama yako alizikwa wapi?" Nikasema, "Tulimzika kwetu." Nikapiga cherehani nisiulizwe zaidi. Huo ulikuwa uongo. Hatukuwa na shamba la kuitwa kwetu. Nilikuwa nimemdanganya kila mtu, hata baba ya Njeri.

Ningemwambia tu yale aliyoandika, tumalize. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Andika. Mama yangu aliugua kambini wakati wa mavuno. Alipokufa nyapara alisema chumba kinahitajika Jumatatu. Mzee mmoja wa kanisa kule Kalimoni alitupa mahali kwa mpaka wa shamba lake, upana wa kitanda, kando ya yale maua ya itoka watu hupanda kuonyesha mpaka. Akasema tusiweke msalaba, wala simiti, wala jina, watu wasije kusema shamba ni letu. Hatukuweka. Tukapanda itoka moja zaidi kwa mstari. Hiyo moja ndiyo mama."

Daktari alikuwa ameacha kuandika katikati. "Mimi sikuandika hivi," akasema.

"Najua. Lakini ndivyo ilikuwa."

Akaandika mpaka mwisho. Akaniuliza kama aweke jina langu, nikakataa, nilikuwa bado naogopa. Akauliza kama aweke la mama. Nikasema weka.

Kitabu kilichapwa mbali, kikaingia kwa kificho, kidogo hivi, kinatosha mfuko wa ndani wa koti, na hiyo mifuko najua nilishona mingapi! Walimu walikuwa wanakuja wananiambia, "Mama, mfuko mmoja wa ndani, lakini wa ndani kabisa." Leo kiko madukani, unakinunua mchana. Vijana wa Wendani wananiletea simu wananionyesha wameandika juu yake, na wanaandika yao pia, makali, nawaambia nisomeeni, na mahali sielewi nasema sielewi, bila haya. Andikeni. Lakini ukimpa mtu akuwekee kitu, mwambie ni nini, hata kama ana pini mdomoni. Mngoje ateme.

Nakala ya kwanza aliniletea mimi. Nilimtafuta mama kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, nikampata. Kesho yake nikapanda gari kwenda Kalimoni. Mzee wa kanisa alikuwa amekufa, shamba liko na kijana wake. Nikasimama kwa mpaka, mimi nasoma polepole, herufi kwa herufi, kwa hivyo nilisoma kwa sauti. Kijana akatoka kwa ng'ombe na ndoo yake.

"Mama, unaongea na nani hapo kwa itoka?"

"Namsomea mama yangu. Yuko hapa."

Akaangalia chini, akaangalia kitabu. Nikadhani atanifukuza. Akaweka ndoo chini.

"Ameandikwa humo?"

"Na jina."

"Ngoja kidogo," akasema. "Ngoja nimlete mama yangu na kiti, yeye alikuwa hapa mkimzika. Uanze tena mwanzo."

Nikaanza tena mwanzo.